Kipawa, Uasilia na Soko: Uhakiki wa Mashabiki wa Muziki wa Kufoka katika Maskani za Diani

Utangulizi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeifundishwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu tuliikariri bila ya kumwona mgema hata mmoja. Kwa wenyeji wa Kwale, mahali ambapo minazi hugemwa hadi leo, methali hii ina ladha yake. Mwandishi wa makala haya aliisikia ikitumiwa jioni moja katika maskani ya vijana mjini Ukunda, hatua chache kutoka barabara inayoteremka kwenda kwenye hoteli za Diani. Aliyeitamka ni dereva wa bodaboda. Hakuwa akizungumzia tembo. Alikuwa akimzungumzia mfokaji mashuhuri wa Kenya, Khaligraph Jones, na hoja yake ilikuwa kwamba sifa zimemharibia mtungaji huyo kazi yake.

Mwenzake, mhudumu wa mkahawa katika hoteli mojawapo ya ufuoni, alimjibu papo hapo kwamba mgema huyo hakutia maji tembo lake, bali wanywaji wamebadilika. Wa tatu akadakia kwamba tembo lenyewe halikuwa la mnazi wa hapa tangu awali. Mjadala huo ulichukua muda wa saa mbili, kahawa ikanywewa ikaisha, na hakuna aliyemshinda mwenziwe.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kilichokuwa kikifanyika katika maskani ile. Tunashikilia kwamba mabishano ya mashabiki kuhusu wafokaji si porojo za kupitishia wakati. Ni uhakiki wa fasihi unaofanywa na watu wasiojiita wahakiki, nao una vigezo vyake vinavyoweza kuelezwa na kupimwa. Vigezo vyenyewe ni vitatu: kipawa, uasilia na soko. Tutavijadili kimoja baada ya kingine, kisha tuonyeshe uhusiano wake na mgogoro wa ushairi wa Kiswahili tunaousoma madarasani. Hatimaye tutaeleza ni kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Kuhusu istilahi, tutatumia "muziki wa kufoka" na "mfokaji", maneno yaliyozoeleka katika magazeti na redio za Kenya. Wenzetu wa Tanzania husema "kuchana". Neno "rapa" nalo hutumika pande zote mbili.

Usuli mfupi

Ili tuelewe kinachobishaniwa, hatuna budi kurejea nyuma kidogo. Muziki wa kufoka uliingia Afrika Mashariki kutoka Marekani miaka ya 1980, na mwanzoni vijana waliuiga kama ulivyokuja, kwa Kiingereza. Mwaka 1991 Saleh Jabir wa Tanzania alitoa kanda iliyowadhihirishia wengi kuwa Kiswahili kinaweza kubeba sanaa hii. Mwaka 1993 kundi la Kwanza Unit likaundwa Dar es Salaam. Nchini Kenya, kundi la Kalamashaka la Dandora, Nairobi, lilitoa wimbo wa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, na tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba kufoka ni mali ya wasemao Kiingereza.

Pwani nayo haikukaa kando. Kundi la Ukoo Flani lilichipuka Mombasa, kisha likaungana na wenzao wa Dandora wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2004 wasanii wa kambi hiyo walishiriki katika albamu ya Kilio cha Haki, ambayo jina lake linamkumbusha mwanafasihi yeyote tamthilia ya Alamin Mazrui yenye anwani hiyo hiyo. Hivi leo Kaa La Moto wa Mombasa ni miongoni mwa wanaosifiwa kwa kufoka kwa Kiswahili cha Pwani.

Khaligraph Jones, aliyezaliwa mwaka 1990 na kukulia Kayole, Nairobi, ni wa kizazi cha baadaye. Mashabiki wanamkumbuka kwanza kwa wepesi wa ulimi na kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kimarekani. Baadaye Kiswahili na Sheng vilishika nafasi kubwa zaidi katika tungo zake. Albamu yake ya Testimony 1990 ilitoka mwaka 2018, na mwaka 2020 aliteuliwa kuwania tuzo ya mfokaji bora wa kimataifa katika tuzo za BET Hip Hop za Marekani, tuzo iliyomwendea Stormzy wa Uingereza. Ni mtu aliyefanikiwa, na mafanikio hayo ndiyo yaliyozua maswali. Je, ni fundi kweli? Je, ni yeye mwenyewe anayesema, au ni sauti aliyoiazima? Je, umaarufu wake ni ushahidi wa ubora, au ni ushahidi wa soko tu?

Kigezo cha kwanza: kipawa

Mashabiki wa Ukunda wanapojadili kipawa hutumia maneno yao: "mistari", "mtiririko", "punchi", "vina". Neno la mwisho ni letu sote, na hapo ndipo tunapopata daraja la kuvukia.

Kiswahili ni lugha yenye silabi wazi. Karibu kila neno huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Kwa sababu hiyo, kina cha silabi moja ni rahisi mno kupatikana. Mtoto anaweza kukipanga. Ndiyo maana ushairi wa kimapokeo haukutosheka na kina cha mwisho. Uliongeza kina cha kati, na ukaifunga mishororo kwa mizani ili ugumu uwepo na ufundi uonekane. Tutoe mfano wetu wenyewe, kwa ajili ya maelezo haya tu:

Nilipofika Ukunda, nikaketi barazani,
Vijana nilowapenda, wakajibizana fani.

Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati ni "nda" na cha mwisho ni "ni". Tazama pia jinsi mtungaji alivyolazimika kusema "nilowapenda" badala ya "niliowapenda". Huo ndio uhuru wa mshairi unaoruhusiwa ili mizani itimie.

Mfokaji hufanya kazi kwa kanuni nyingine. Kwake mizani haimo katika idadi ya silabi, bali imo katika mdundo. Mdundo una mapigo manne yasiyobadilika, na mfokaji ana hiari ya kujaza silabi chache au nyingi kati ya pigo na pigo, mradi asiachwe nyuma. Tuchukue mfano mwingine wa kwetu:

Kazi ya ufuoni haina mkataba,
Nazi ya jirani nikiiangua inakuwa msiba.

Mstari wa kwanza una silabi 14 na wa pili 19. Mwanafunzi wa arudhi ataona guni. Lakini mikariri mifano hii juu ya mdundo na utaona kwamba mstari wa pili unakwenda kasi tu, haudondoki. Zaidi ya hayo, "kazi ya" inaitikiwa na "nazi ya", "ufuoni" na "jirani", "mkataba" na "msiba". Vina vimo mwanzoni, katikati na mwishoni. Si ajabu basi kwamba Fid Q, mfokaji wa Mwanza, aliiita albamu yake ya mwaka 2004 Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Anwani hiyo pekee ni dai la kihakiki: anasema kuwa anachokifanya kina nasaba na arudhi ya Waswahili.

Wanaomtetea Khaligraph Jones husimama hapa. Hoja yao ni kwamba kasi yake, uwezo wake wa kupanga silabi nyingi katika pigo moja bila ya kukwama, na namna anavyogeuza sauti yake nzito, ni ufundi usiokanushika. Wanaompinga hawakanushi kasi. Wanauliza: baada ya kasi kupita, kunabaki nini? Dereva wa bodaboda alisema kwamba anayeendesha mbio si lazima awe amebeba abiria. Hilo ni swali la zamani la fani na maudhui, lililovikwa koti la kazi yake.

Katika maskani ile alikuwepo pia mzee mmoja ambaye enzi zake alikuwa mpiga nzumari katika ngoma ya sengenya. Wasomaji wasioijua Kwale waelewe kwamba sengenya ni ngoma ya Wadigo ipigwayo kwa ngoma kadhaa, upatu na nzumari, na jina lake linaelekeza kwenye kitenzi "kusengenya", kwani nyimbo zake hazikuogopa kumtaja mtu kwa mafumbo. Mpiga nzumari hupuliza bila ya kukata sauti, huku akivuta pumzi puani. Mzee alisikiliza vijana kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, sisi mpiga nzumari tulimjua kwa pumzi yake. Huyo wenu apumzike tuone kama pumzi ni yake au ni ya mtambo." Vijana walicheka, lakini swali lake ni la kitaalamu kabisa. Studio za kisasa zinaweza kuunganisha vipande vya sauti hadi msikilizaji asijue palipokatwa. Kwa hiyo mashabiki wengi hawaridhiki na rekodi. Wanataka kumwona mfokaji akighani papo kwa papo, kwa mtindo huru. Wanarudisha kigezo cha fasihi simulizi, utendaji mbele ya hadhira, katika sanaa inayosambazwa kwa simu.

Kigezo cha pili: uasilia

Hapa ndipo sauti zilipopanda. Shutuma kubwa dhidi ya Khaligraph Jones wa siku za mwanzo ilikuwa lafudhi. Ilidaiwa kwamba kijana wa Kayole hana sababu ya kutamka kama mtu wa Marekani. Alipoelekea zaidi kwenye Kiswahili na Sheng, baadhi ya wapinzani walinyamaza. Wengine wakasema kwamba huko nako ni kuigiza, ila ameigiza kilicho karibu.

Uasilia katika utamaduni wa hip-hop una masharti mawili. La kwanza ni kwamba mfokaji aandike maneno yake mwenyewe. La pili ni kwamba aseme maisha aliyoyaishi na awakilishe mtaa wake. Anayevunja sharti lolote huitwa bandia.

Inafaa tujiulize: je, masharti haya yamo katika mapokeo yetu? Jibu si moja. Katika taarabu ya Mombasa, Ustadh Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, na hakuna aliyemwita bandia kwa kuimba maneno ya mwenziwe. Mtunzi alikuwa na heshima yake na mwimbaji yake. Vilevile, malenga wa zamani aliweza kutungia watu wengine mashairi ya harusi, ya posa au ya kujibizana, akiingia katika nafsi ya mwanamke au ya mzee hali yeye si mmojawapo. Kwa mizani hiyo, kumtaka mtungaji aseme aliyoyaishi tu ni kumnyima haki ya nafsineni.

Hata hivyo, mapokeo hayohayo yanaheshimu ushuhuda. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi yake ya kisiasa, Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Hakuna msomaji anayeisoma diwani hiyo bila ya kukumbuka ilikoandikiwa. Uzito wa maneno umetokana na ufundi wa mshairi, na pia na bei aliyoyalipia maneno yake.

Tunaona basi kwamba kigezo cha uasilia kinategemea mtungo unadai nini. Mtungo unaodai kuwa ushuhuda utapimwa kama ushuhuda. Mtungo unaodai kuwa mchezo wa lugha utapimwa kama mchezo wa lugha. Kosa la mashabiki wengi, na la wahakiki wengi pia, ni kuutumia mzani mmoja kupimia vyote viwili. Anayejigamba katika wimbo kwamba yeye ni simba hatarajiwi kuonyesha kucha. Majigambo ni utanzu wa fasihi simulizi wenye kanuni zake. Lakini anayesema kwamba aliona rafiki yake akipigwa risasi ana deni la ukweli kwa msikilizaji.

Uko pia uasilia wa mahali, na huu unauma zaidi Pwani. Mhudumu wa mkahawa niliyemtaja awali ni mtungaji. Ana daftari la kurasa nyingi alilolijaza mistari ya Kiswahili cha nyumbani kilichochanganywa na Kidigo. Alitusomea kidogo. Katika mstari mmoja alitumia neno la Kidigo "madzi" pahala pa "maji", na sauti ile ya "dz" iligongana vizuri na mdundo alioupiga mezani kwa vidole. Wenzake walimsifu, kisha wakamshauri abadilishe. Walisema kwamba Nairobi hawataelewa, kwamba redio haitaupiga wimbo, kwamba afadhali atumie Sheng ya bara ili asikike kuwa wa kisasa. Yaani, ili aonekane asilia kwa hadhira kubwa, aache lugha yake ya asili. Kijana yule alinigeukia akaniuliza, "Kaka, wewe umesoma. Nikifoka kwa lugha ya kwetu nitakuwa msanii, au nitakuwa kichekesho?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kigezo cha tatu: soko

Hoja ya soko ina pande mbili. Upande wa kwanza unasema kwamba wingi wa wasikilizaji ni ushahidi wa ubora, kwani watu hawawezi kudanganyika wote. Upande wa pili unasema kwamba kinachopendwa na wote kimeshapunguzwa makali. Pande zote mbili zina mifano.

Diani ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili kwa sababu sanaa imeuzwa huko kwa miongo mingi. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ilitoa wimbo wa "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Bendi hiyo ilikuwa ikitumbuiza watalii katika hoteli za Pwani, na wimbo wenyewe ulijengwa kwa maamkizi mepesi ambayo mgeni anaweza kuyashika kwa dakika chache. Ulisambaa duniani. Wapo wanaoudharau kwa wepesi wa Kiswahili chake. Lakini tukiupima kwa lengo lake, yaani kumkaribisha mgeni na kumfundisha maneno mawili matatu, ulifanikiwa kuliko vitabu vingi vya masomo. Tatizo si wimbo. Tatizo huja pale wimbo wa kumkaribishia mgeni unapogeuzwa kuwa kipimo cha kila msanii wa Pwani. Mhudumu wetu alisimulia kwamba kila anapoomba nafasi ya kupanda jukwaani pahala anapofanya kazi huambiwa aimbe wimbo ambao wageni wanaujua.

Nairobi nako kulikuwa na mvutano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, studio ya Ogopa iliwatoa wasanii waliopendwa mno redioni, na mtindo wao ukaitwa kapuka. Mashabiki wa Kalamashaka na Ukoo Flani waliubeza kwamba ni muziki wa sherehe usio na ujumbe. Katikati ya mvutano huo alitokea E-Sir, aliyefariki kwa ajali ya barabarani Machi 2003 akiwa kijana mdogo. E-Sir alikuwa wa Ogopa, alichezwa katika kila matatu, na hata hivyo wapinzani wa kapuka walikiri kwamba Kiswahili chake kilikuwa laini na vina vyake vilikuwa vya fundi. Mfano wake unatosha kuvunja dhana kwamba kipawa na umaarufu ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja.

Hali hiyo ndiyo anayodai Khaligraph Jones kwa upande wake. Mnamo Septemba 2023 aliwatolea changamoto wafokaji wa Tanzania, akidai kuwa wamelala, na akawapa saa 24 wajibu. Majibu yalimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, likiwemo la Rosa Ree. Katika maskani za Ukunda, ambako Tanzania iko karibu kuliko Nairobi, mashabiki waligawanyika. Wengine walisema ni biashara: kila aliyejibu alipata wasikilizaji, naye aliyechokoza akapata zaidi. Wengine walisema ni sanaa.

Mwanafunzi wa fasihi atatabasamu. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika uhasama wa kisiasa wa miji hiyo miwili. Malumbano yale yalikuwa siasa, yalikuwa fahari ya mji, na yalikuwa pia njia ya kumjua nani fundi. Hakuna anayedai leo kwamba mashairi ya Muyaka si fasihi kwa kuwa yalitungwa ili kumshinda mtu. Kwa hiyo kuwepo kwa faida, ya fedha au ya fahari, hakuondoi usanaa. Kinachotakiwa ni kuuliza mtungo umebakisha nini baada ya ugomvi kwisha.

Mgogoro wa kale katika vazi jipya

Msomaji atakuwa ameshatambua kwamba mabishano haya yanafanana na mgogoro wa ushairi. Sheikh Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na kitabu hicho kikawa msingi wa wale walioshikilia kwamba vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi la Kiswahili. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyouvunja uti huo kwa makusudi. Mulokozi na Kahigi wakatetea mabadiliko. Upande wa pili ukajibu kwamba kinachoitwa mabadiliko ni kuiga Wazungu. Baadaye Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alitukumbusha wingi wa bahari za tungo za Waswahili na uhusiano wake na uimbaji.

Tulinganishe. Swali la vina na mizani ndilo swali la mashabiki kuhusu kipawa. Shutuma ya kuiga Wazungu ndiyo shutuma ya lafudhi ya Kimarekani. Tuhuma kwamba mshairi wa kisasa anawaandikia wasomi wa chuo kikuu ni pacha wa tuhuma kwamba mfokaji anaimbia soko: zote mbili zinauliza, unamtungia nani? Tofauti moja kubwa ni kwamba mgogoro wa ushairi uliendeshwa na wasomi wachache katika majarida na makongamano, ilhali mgogoro wa kufoka unaendeshwa na maelfu ya watu wasio na shahada, barazani, ndani ya matatu na kwenye vijiwe vya bodaboda. Kwa kipimo cha ushiriki, huenda huu ndio mjadala mpana zaidi wa ushairi wa Kiswahili katika wakati wetu. Nasi, wenye kazi hiyo, mara nyingi hatumo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwandishi alipowasilisha wazo la utafiti kuhusu tungo za kufoka, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: je, hiyo ni fasihi? Swali ni halali, na makala haya ni sehemu ya jibu. Lakini kuna swali jingine lililo zito zaidi: tukikataa, nani atakayepoteza?

Atakayepoteza kwanza ni yule kijana mwenye daftari. Kwale si jangwa la ushairi. Kusini kabisa mwa kaunti hiyo, Vanga na Wasini, ndiko kwenye lahaja ya Kivumba, na Boukheit Amana alituachia Malenga wa Vumba. Shimoni na Funzi kuna Kichifundi. Msitu wa Kaya Kinondo, karibu na fuo za Diani, uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, kwa sababu ulimwengu ulitambua kwamba pana jambo la kuhifadhiwa pale. Miti imehifadhiwa. Je, maneno? Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inaitaka dola ikuze lugha za wenyeji. Kijana anayefoka kwa Kiswahili chenye Kidigo anaitekeleza ibara hiyo bila ya malipo. Anapoambiwa na soko kwamba lugha yake ni kichekesho, na anapoambiwa na chuo kikuu kwamba utungo wake si fasihi, amefungiwa milango miwili kwa wakati mmoja.

Wa pili kupoteza ni sisi. Tunalalamika kwamba wanafunzi wa sekondari wanaliogopa swali la ushairi katika mtihani. Wakati huohuo wanafunzi hao wanaweza kueleza, bila ya kufundishwa, kwa nini mstari fulani wa mfokaji fulani ni dhaifu: kina kimelazimishwa, neno limejazwa ili pigo lifike, fumbo limefumbuliwa kabla ya wakati. Hizo ni istilahi za arudhi zinazokosa majina tu. Mwalimu akianza na wanachokijua, safari ya kwenda kwa Muyaka haitakuwa ndefu.

Tusije tukaeleweka vibaya. Kuuingiza muziki wa kufoka katika uhakiki si kusema kwamba kila mfokaji ni malenga. Tungo nyingi za kufoka ni dhaifu, kama mashairi mengi ya kimapokeo yanayochapishwa magazetini yalivyo dhaifu japo mizani yake imetimia. Tunachodai ni kwamba ziingie mizanini, zipimwe, na zile zitakazoshindwa zishindwe kwa hoja.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mashabiki wa Diani wanapombishania Khaligraph Jones hutumia vigezo vitatu. Kipawa hupimwa kwa vina, mtiririko na utendaji wa papo kwa papo. Uasilia hupimwa kwa uhusiano wa mtungo na maisha, lugha na mahali, na tumependekeza kwamba kigezo hiki kitumiwe kulingana na kile ambacho mtungo wenyewe unadai. Soko si ushahidi wa ubora wala wa ubovu. Ni mazingira ambamo mtungo huishi, na msomi anapaswa kuyachunguza kama anavyochunguza siasa za Mombasa ya Muyaka.

Kwa hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanachama wa chama chetu wanaokwenda nyumbani wakati wa likizo warekodi mijadala ya namna hii katika vijiji na mitaa yao, kwa idhini ya wenyewe, kama tunavyokusanya ngano na nyimbo za jando. Pili, idara zetu zitenge angalau somo moja ambamo arudhi itafundishwa sambamba na mdundo.

Ama kuhusu swali la yule kijana, nilirudi Ukunda baada ya miezi mitatu na kumpa jibu nililoweza. Nilimwambia kwamba usanii wake hautaamuliwa na lahaja bali na anachokifanya ndani ya lahaja hiyo, na kwamba nisingeweza kumwahidi kuwa redio itampiga. Alisema la redio alikuwa analijua. Kisha akafungua daftari, akanionyesha pahala alipokuwa amelifuta neno "madzi" kwa shauri la wenzake, na juu yake, kwa wino mwingine, akalirudisha.